Magoti ya Fundi wa Matandiko

Tuanze na aibu yenyewe, tuimalize mapema. Fundi huyu alishona matandiko ya farasi kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kukaa juu ya farasi hata siku moja. Si kwamba alikosa nafasi. Alikuwa anawaogopa. Aliwaogopa tangu utotoni, karakana ilipokuwa bado ya baba yake, na wala hakuna farasi aliyewahi kumfanya lolote. Hakung'atwa, hakupigwa teke. Aliwaogopa tu, kama vile watu wengine wanavyoogopa lifti. Mteja akija na mnyama uani, yeye alibaki ndani na kumtuma shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akapime mgongo. Shemeji alirudi na vipimo kwenye karatasi, na fundi akashona juu ya gogo lililochongwa mfano wa mgongo wa farasi, gogo lisilo na meno wala kwato.

"Shemeji," yule bwana alizoea kumtania, "siku wateja wakijua, tunafunga duka."

"Wajue nini? Kwani anayeshona magauni ya maharusi anaolewa kila wiki?"

Na kazi yake ilikuwa safi, hilo hata asiyempenda angelikubali. Alikaa kwenye kigoda kifupi karibu na dirisha, kibano kirefu cha mbao kikiwa katikati ya mapaja, ngozi imeshikwa na midomo ya kibano, naye akikibana kwa magoti ili ngozi isicheze. Sindano mbili, moja kila mkono. Kila alipokaza mshono alizuia pumzi. Uzi wa akiba, uliopakwa nta, aliuweka katikati ya meno, kwa hiyo akiwa kazini usingemtoa neno. Hizo ndizo saa shemeji alizopata kupumzika, maana nje ya kazi ulimi wa mama yule haukuwa na breki.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mwalimu wa shule ya msingi huko juu milimani kwenye makazi ya wachungaji wa kondoo. Aliolewa huko huko na bwana mmoja mpole anayetunza mitambo ya maji. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana binti alipanda kwenye mwamba nyuma ya shule, mahali pekee ambapo mtandao ulishika, akampigia mama yake simu. Jumapili hii tunayoisema, tumbo lake lilikuwa la miezi saba.

"Muuguzi amenikataza safari, Mama. Anasema nisitikiswe."

"Amesema vizuri."

"Mama, wewe utakuja?"

Sasa hapo lazima nieleze kidogo. Hii ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilipoanza kuleta shida, binti aliuliza swali hilo hilo, na fundi alikuwa na oda ya matandiko kumi na mawili. Akamjibu kwamba atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, binti akamwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba hakuna haja tena, imeshatoka. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo baadaye, lakini fundi alilala nalo na kuamka nalo miaka miwili.

"Nitakuja," akasema kabla binti hajamaliza kuvuta pumzi. "Nitakuwepo kabla uchungu haujaanza. Naapa."

"Mama, daraja limechukuliwa na mvua. Na barabara imemeguka mahali pawili. Wanasema labda mwakani."

"Sasa watu wanapitaje?"

"Kwa farasi."

Jamani. Akauliza habari ya kwenda kwa miguu. Binti akamwambia kwa miguu ni siku tatu za kupanda bila pa kulala, na hata hivyo mto huwezi kuuvuka, maji yanafika tumboni mwa mnyama. Farasi anayejua njia anafika kwa siku moja. Fundi alisema sawa, sawa, akakata simu, akakaa kwenye kigoda chake. Kiapo kilishatoka, na zilikuwa zimebaki wiki saba.

Mwalimu wa kwanza aliyemwendea amfundishe kupanda alikuwa wa shule ya farasi iliyo nje ya mji. Alikuwa askari mstaafu, watu wakimwita Kamanda, mrefu, mwembamba, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Fundi alikwenda amevaa suruali ya marehemu mumewe.

"Umewahi kupanda?" Kamanda akamuuliza.

"Kidogo," fundi akadanganya. Angesema nini, na tandiko lililokuwa juu ya yule farasi alilishona yeye mwenyewe kwa mikono yake?

Wakamsukuma mpaka akafika juu. Kule juu, nakwambia, alijiona kama aliyekaa juu ya paa la nyumba, na paa lenyewe linapumua. Farasi alipopiga hatua ya kwanza, kila kitu ndani ya mwili wa mama yule kilikaza.

"Magoti!" Kamanda akafoka. "Legeza magoti! Mgongo! Kichwa juu! Magoti, mama wewe, magoti!"

Kadiri alivyofokewa ndivyo alivyozidi kubana, na kadiri alivyobana ndivyo farasi alivyoongeza mwendo, na farasi akiongeza mwendo Kamanda alizidisha sauti. Kijasho chembamba kilimtoka mpaka viganjani, hatamu zikawa zinateleza. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu Kamanda aliwageukia wanafunzi wengine, vijana watupu, akasema, "Mnamwona huyu? Huyu anaogopa hata kivuli chake." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi alishuka, akarudisha kofia, akaondoka bila kuaga, na njiani machozi yalimtoka kwa hasira.

Kwa mwalimu wa pili alielekezwa na jirani. Huyu alikuwa dada mmoja mwenye maneno matamu hata watu wakampa jina la Asali. Alifundishia kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Alimpokea fundi kwa mikono miwili, akamwita mama yangu kipenzi, akamwonyesha farasi wa kahawia.

"Hakuna cha kuogopa, mama yangu. Hakuna kabisa."

Farasi akalaza masikio nyuma.

"Anatabasamu huyo," Asali akasema.

Farasi akapiga kwato chini.

"Anakusalimia."

Kwa wiki mbili nzima fundi aliambiwa hakuna cha kuogopa, na kila alipoambiwa alizidi kuogopa, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaona kingine. Mtu mzima anajua akidanganywa, hata akidanganywa kwa upendo. Alijikaza kisabuni, akaendelea. Siku ya mwisho ya wiki hizo mfuko wa plastiki ukapeperuka kutoka kiwandani ukapita mbele ya pua ya farasi. Farasi akaruka upande. Fundi akabana kwa nguvu zake zote za miaka ishirini na sita, na yule mnyama akatimka kama aliyeambiwa nyumba inaungua. Walizunguka uwanja mara moja na nusu. Fundi hakupiga hata kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Kisha ardhi ikaja yenyewe ikampiga nyongani.

Asali alikuja mbio, akapiga magoti kwenye vumbi. "Umeona, mama yangu?" akasema. "Si nilikwambia hakuna kitu?"

Siku mbili fundi alilala ubavu. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Simu haikulia. Alingoja mpaka jioni, akapiga yeye, ikakataa. Jumatatu wakasikia kwenye redio kwamba upepo umeangusha mnara wa simu huko milimani, na mafundi nao hawana njia ya kupandia.

Hapo ndipo hofu ilipobadilika sura. Mwanzoni alikuwa anaogopa farasi tu. Sasa aliogopa na ukimya. Akiwa anashona alikuwa anamwona binti yake amelala, anamwita, na yeye hasikii. Mishono ikaanza kwenda upande. Alishona mkanda mzima akaufumua, akaushona tena akaufumua.

Shemeji aliyezoea kumcheka hakucheka siku hizo. Alileta chai akaiweka karibu naye. "Shemeji," akasema, "kwa nini usimwandikie? Kuna watu wanapeleka barua. Mweleze umejaribu. Atakuelewa."

"Alinielewa mara ya kwanza," fundi akajibu. "Sitaki anielewe tena."

Shemeji akarudi mbele ya duka.

Ilikuwa Alhamisi moja, asubuhi, mwanamke mnene mwenye mabega ya mbeba magunia alipoingia karakanani na mkanda wa tumbo wa farasi uliokatika. Huyu watu walimwita Mizigo. Alikuwa anapeleka chumvi, dawa na barua milimani na farasi wake sita, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Alimpa fundi mkanda, akaambiwa angoje, akakaa kwenye benchi, akakunja mikono, akatazama kazi inavyokwenda. Alitazama muda mrefu. Halafu akaanza kucheka peke yake, kwanza taratibu, mwisho akacheka hadi benchi likalia.

Fundi akamtolea macho, uzi ukiwa katikati ya meno.

"Samahani, mama," Mizigo akasema akijifuta machozi. "Si wewe uliyeangushwa na farasi wa Asali? Mji mzima unajua. Hebu kaa hivyo hivyo. Usisogee."

Akasimama, akaja, akagonga goti la fundi kwa kidole kama anayebisha hodi. Goti lilikuwa gumu kama ubao.

"Unakaa hivi kila siku?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Miaka mingapi?"

Fundi akatoa uzi mdomoni. "Ishirini na sita. Kuna nini?"

"Na ukishtuka juu ya farasi, unafanyaje?"

Fundi akafikiri. Akatazama kibano. Akatazama magoti yake. Uzi ukamdondoka mkononi.

"Magoti yako yanadhani farasi ni kipande cha ngozi," Mizigo akasema. "Yanamshika asicheze. Mtu akibana hivyo, makalio yanainuka na visigino vinarudi nyuma, vinamchoma mnyama mbavuni. Kwake hiyo ni amri ya kukimbia. Na pumzi umezuia, naye anasikia umezuia, anajiuliza kuna simba gani hapa. Umeambiwa ulegeze mara ngapi?"

"Mara mia."

"Kuna aliyekuuliza kwa nini unabana?"

"Hakuna."

Kutoka mbele ya duka shemeji alikuwa ameshachungulia. "Dada, wewe ni mwalimu?" akauliza.

"Mwalimu nani! Mimi napeleka chumvi kwa wachungaji, huko kwenye shule ya mlimani."

Fundi alisimama, kibano kikaanguka kwa kishindo. Akamuuliza kama anamjua mwalimu mmoja mjamzito. Mizigo akasema anamjua sana, ndiye anayewaandikia barua wachungaji wasiojua kuandika. Siku nane zilizopita alikuwa mzima, tumbo limemtangulia mlangoni. Basi fundi alilia mbele ya mtu asiyemjua, akamweleza kila kitu, kiapo na oda ya matandiko kumi na mawili na wiki zilizobaki, ambazo sasa zilikuwa nne tu.

"Na unaogopa," Mizigo akasema.

"Naogopa mpaka mifupani."

"Una haki. Mto unaogopesha. Na baada ya mto kuna njia ya ukingoni, upana wa meza hii yako, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu. Mimi napita pale tangu nina miaka kumi na tisa, na kila nikipita naogopa."

Ajabu ni kwamba fundi aliposikia maneno hayo alipata nafuu. Ndiyo mara ya kwanza mtu wa farasi kumwambia ukweli.

Walianza kesho yake uani kwenye ghala la chumvi. Mizigo alimpa jike la kijivu, zee kidogo, lenye macho ya kuchoka, akampa na sharti moja tu. Asinyamaze. Hata dakika moja. Mtu anayesema hawezi kuzuia pumzi, na mama huyu alinyamaza miaka yote hiyo akikaza mishono, kwa hiyo mwili wake ulijua kimya na kubana kuwa ni kitu kimoja.

"Niseme nini?" fundi akauliza huku meno yakigongana.

"Gombeza."

"Nimgombeze nani?"

"Yeyote. Nasikia una kipaji."

Basi fundi akagombeza. Alianza na shemeji, uvivu wake, miluzi yake, na jinsi anavyokata ngozi nzuri katikati kama mkate. Akaingia kwa Kamanda, akamshusha cheo mpaka akawa mlinzi wa geti. Akamtafuna Asali na asali yake. Siku ya nne maadui walikuwa wamekwisha, akawarudia tangu mwanzo. Na kila aliponyamaza, hata kwa kumeza mate, magoti yalirudi kwenye kibano chake na jike la kijivu likaongeza hatua. "Sikusikii!" Mizigo alipiga ukelele, na fundi akaanza upya. Wapakuaji chumvi waliacha kazi wakasikiliza. Wengine walikuja na chai.

Msidhani hofu ilimtoka. Kila asubuhi alitapika kabla ya kwenda ghalani. Kila alipotia mguu kwenye kikuku moyo ulimdunda hadi masikioni. Hofu ilikuwa palepale, ila sasa alikuwa na kitu cha kufanya wakati inaendelea.

Katikati ya mafunzo Mizigo alipanda milimani na shehena yake, akarudi baada ya siku nne. Fundi alimpokea barabarani.

"Umemwona? Amesemaje?"

"Nimemwona. Mzima." Mizigo alikuwa akikagua kwato ya farasi, hakuinua kichwa. "Anakusalimu."

"Basi? Hakuandika hata mstari?"

"Mwambie shemeji yako anipimie mkanda huu, umelegea. Tunaondoka Jumatano alfajiri. Usile sana."

Waliondoka Jumatano, farasi wanne wa mizigo wakiwa wamefungwa kwa kamba moja, Mizigo mbele akiongoza juu ya wa tano, fundi nyuma kabisa juu ya jike la kijivu. Mto waliufikia kabla ya saa nne. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia na yana haraka. Fundi alifumba macho, akaambiwa afumbue, akayafumbua, akaona vigogo vya miti vinapita pembeni yake, akamgombeza aliyejenga daraja, akamgombeza fundi mwashi na mama yake fundi mwashi, maji yakamfika vifundoni, magotini, yakashuka. Alipotoka ng'ambo alikuwa amelowa na sauti imemkauka, lakini alikuwa bado juu ya tandiko.

Saa saba wakafika ukingoni.

Mizigo alikuwa amesema ukweli, upana wa meza. Kulia mwamba ulikuwa karibu hata ulikwaruza vikuku. Kushoto fundi alitupa jicho mara moja tu, akaona ndege anaruka, na ndege yule alikuwa chini yake. Akatafuta mtu wa kumgombeza. Akatafuta shemeji, akatafuta Kamanda. Hakumpata hata mmoja. Kichwa kilikuwa cheupe. Jiwe likateleza chini ya kwato ya nyuma, jike la kijivu likayumba, na magoti ya fundi yakafanya yalichojua kufanya tangu ujana wake. Farasi akaongeza mwendo. Kwato zikaanza kwenda upande wa kushoto.

"Mama!" Mizigo alikuwa mbele, hawezi kugeuka. "Mama, sikusikii!"

Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu.

"Mama, sema! Sema lolote!"

"Naogopa," fundi akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo.

"Endelea!"

"Naogopa. Naogopa nitaanguka. Naogopa nitakufa hapa, kunguru wanile, na mwanangu asijue." Pumzi ilikuwa inatoka na kuingia kwa kelele. "Naogopa nitafika nimkute ameshaondoka. Aliniita mara ya kwanza sikwenda. Nilikuwa nashona. Nilikuwa nashona matandiko ya watu, Mizigo, na mwanangu anatoka damu. Niliona ni heri kushona kwa sababu niliogopa kumwona vile. Si kazi iliyonizuia. Nilikuwa naogopa tu. Mimi ni mwoga, nimekuwa mwoga maisha yangu yote."

Aliyasema yote, mengine mara mbili tatu, mengine ambayo sitayaandika hapa. Machozi na makamasi yalimtiririka na hakuwa na mkono wa kujifuta. Hakujua magoti yameachia saa ngapi. Jike la kijivu lilirudi kwenye mwamba, likainamisha kichwa, likafuata wenzake hatua kwa hatua mpaka njia ikapanuka na majani yakaanza.

Pale Mizigo alisimamisha msafara. Alinyoosha mkono wake mbele, akauonyesha. Ulikuwa unatetemeka. "Kila safari," akasema. Wakagawana maji.

Saa kumi na moja walifika juu, wakaona paa la shule, zizi la kondoo, na nyumba ndogo yenye mlango wa bluu. Kabla ya kufika geti Mizigo alirudi nyuma, akatoa kitu kifuani, karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho.

"Barua yako," akasema. "Nilipewa safari iliyopita. Sikukupa."

Fundi aliisoma pale pale juu ya farasi. Mwandiko wa binti yake ulikuwa ule wa ubaoni, mkubwa na wazi. Mama, usije. Nakuomba usije. Najua jinsi unavyowaogopa, na njia imekuwa mbaya, mwezi uliopita ameteleza mtu mwenye uzoefu. Mimi ni mzima, muuguzi yupo, mume wangu yupo, siogopi chochote. Ile ya kwanza nilishasahau na wewe usahau. Ukipatwa na jambo kwa ajili yangu sitaweza kuishi nalo. Baki, Mama.

Alisoma mara mbili. Kisha akampiga Mizigo begani kwa ngumi, na haikuwa ngumi ya utani.

"Mshenzi wewe! Mwanangu ananikataza, wewe unaficha! Ningekufa pale!"

"Ungekufa," Mizigo akakubali. "Lakini aliponipa hiyo karatasi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mara mbili alinipa, mara mbili akainyang'anya, ya tatu akakimbia ndani. Nikaona ikupate huku huku, uamue mwenyewe kama urudi."

Fundi hakupata muda wa kumjibu. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, na kwenye kizingiti, juu ya kiti cha darasani, alikuwa amekaa binti yake. Alikuwa amenenepa uso na kuvimba miguu, mikono yote miwili juu ya tumbo. Alimtazama mama yake juu ya farasi kama anayetazama maiti ikitembea.

Fundi alishuka vibaya, Mizigo akamdaka kwapani. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaenda anapepesuka hadi mlangoni.

"Mama," binti akasema. "Hukupata barua yangu?"

"Nimeipata."

"Nilikuandikia usije."

"Nimeisoma, mwanangu. Umeandika vizuri."

Midomo ya binti ikaanza kucheza. Alitaka kujikaza, fundi alimwona anavyotaka, jinsi alivyojikaza kwenye simu miaka miwili iliyopita. Safari hii hakuweza.

"Nilipoandika vile," akasema, "kesho yake nikatoa kiti hiki nje. Tangu siku hiyo nakaa hapa, asubuhi mpaka jioni, naangalia ile njia. Mume wangu akiniuliza, namwambia napunga upepo."

Fundi akakaa chini, kwenye kizingiti, karibu na kiti cha binti yake.